Mstari wa Arobaini na Tatu

Kiwandani walimwita Msusi, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Lilianza kama mzaha wa kinamama wa kitengo cha kufungasha, siku walipochungulia karakana wakakuta jitu zima la futi sita limeinamia mota iliyofumuliwa, linapitisha waya wa shaba mmoja baada ya mwingine, taratibu, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Jamani, njooni muone! Kumbe tuna msusi humu ndani na sisi tunahangaika mitaani!" mmoja akapiga kelele. "Fundi, nikuletee kichwa lini?"

Naye hakuinua hata uso. "Lete leo. Ila mimi nikishasuka napaka vanishi, halafu naoka."

Walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo jina lake la cheti likabaki kwenye cheti.

Kiwanda chenyewe ni cha maboksi. Karatasi chakavu zinaingia upande mmoja kwa malori, zinavurugwa na maji kwenye pipa kubwa kama chumba, zinachujwa, zinakamuliwa, zinakaushwa, na upande wa pili yanatoka maboksi. Kila hatua hapo inasukumwa na mota. Zipo arobaini, kubwa kwa ndogo, na baadhi zina umri wa kumshinda meneja. Mota ikiungua inaletwa kwa toroli hadi kwa Msusi. Anaifumua, anang'oa waya ulioungua, anahesabu mizunguko yake, anasuka waya mpya, anapaka vanishi, kisha anaiingiza kwenye oveni ikauke. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na mitatu, na pale kiwandani hakuna mwingine anayeijua.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya stoo, dirisha moja, meza moja ya mbao ngumu yenye makovu, magurudumu ya waya wa shaba yamepangwa ukutani kwa unene wake. Oveni iko pembeni. Ina ukubwa wa kabati la nguo, na aliiunda kwa mkono wake, kwa mabati na pamba ya kuzuia joto, baada ya kusumbuka miaka bila kitu cha maana cha kuokea. Ukiiegemea kwa kiwiko, mtakosana. Mimi nilimwona siku moja akimfukuza afisa wa usalama kwa sababu ameweka kikombe cha chai juu yake.

Sasa tuje kwa shemeji, maana bila shemeji hapa hakuna hadithi.

Mke wa Msusi, Mama Pacha, ana mdogo wake wa kiume. Kijana huyo alikuja kwao akiwa na miaka kumi na sita, na begi moja na viatu vya kuazima, akalala kwenye kochi la sebuleni miaka saba. Alisomea pale. Chakula alikula pale, na homa alizougua aliziugulia pale, na usiku wa mitihani Msusi ndiye aliyekuwa akizima redio yake mwenyewe ili mwenzake asome. Akafaulu, akawa injinia. Alipokosa kazi mwaka mzima, Msusi alivaa shati lake la Jumapili siku ya Jumatano, akaenda kugonga mlango wa meneja na kumwombea. Akaajiriwa. Leo ana miaka thelathini na mbili, ana ofisi yenye feni, na mbele za watu anamwita Msusi "fundi wangu". Wakiwa wawili anamwita shemeji.

Siku moja shemeji huyu akaingia karakana anameremeta.

"Shemeji, kaa chini. Meneja ameniita. Mwenye kiwanda amechoka na umeme tunaokula. Anasema tukimwonyesha kwamba mota mpya, zile za kisasa zinazokula kidogo, zitaokoa yuniti elfu sita kwa mwezi, anazileta zote arobaini. Zikiwa chini ya elfu sita, hataki kusikia. Na kazi ya kukadiria nimepewa mimi!"

"Hongera."

"Nimeshapiga na hesabu. Unajua tunaokoa ngapi? Elfu kumi na moja!"

Msusi akaweka koleo chini. "Umepigaje?"

"Nimezunguka nimesoma vibati vyote."

Kibati ni kile kipande cha bati kilichopigwa riviti mgongoni mwa mota, kinachoeleza nguvu zake. Msusi alicheka mpaka akajifuta macho.

"Shemeji, kibati ni cheti cha ndoa. Kinakuambia walikubaliana nini siku ile. Hakikuambii wanaishije humo ndani. Pampu ya pale kwenye pipa, kibati kinasema kilowati thelathini, si ndiyo? Mimi najua haijawahi kuvuta zaidi ya kumi na saba. Waliweka kubwa kwa sababu ndiyo waliyoipata. Sasa wewe ukipiga hesabu ya thelathini, unaokoa umeme ambao haujawahi kuliwa."

Shemeji akanywea. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tupime. Moja moja."

Hapo ndipo, kabla ya kukubali, Msusi alipouliza swali lake. Naomba mlishike, kwa sababu kuna watu wanasema eti hakuuliza, eti alijipeleka mwenyewe kama kondoo. Aliuliza.

"Na karakana yangu je? Mota mpya zikija, mimi nafanya nini hapa?"

"Aka! Shemeji!" Kijana akaweka mkono kifuani. "Karakana haiguswi. Mota mpya nazo si zitaungua? Nani atazisuka? Halafu mimi, mimi niliyekula kwako miaka saba, niiguse karakana yako? Naomba usinitukane."

Basi. Mtu akikuambia hivyo, na ni mtu aliyelala kwenye kochi lako, utamwambia aandike?

Wakapima wiki mbili. Msusi alikuwa na mita ya kubana, ile yenye taya kama koleo: unaifumbatisha kwenye waya bila kuukata nayo inakusomea mota inavuta nini. Alipima asubuhi mashine zikiwa baridi, akapima mchana mzigo ukiwa mkubwa, akarudi zamu ya jioni akapima tena. Alibana waya akiwa amelala chini ya mikanda, alibana akiwa juu ya ngazi huku maji machafu ya karatasi yakimdondokea shingoni. Shemeji alishika daftari na kuandika kwa mbali kidogo, maana ana mashati meupe.

Na si kupima tu. Msusi alimpa kitu ambacho hakuna kibati kinachokijua. Mota inayosukwa upya inarudi kazini, lakini mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa mpya, hasa ikiwa aliyeisuka aliiharibu katika kuing'oa waya. Kwa hiyo kwenye daftari akamwambia achore safu nyingine: imesukwa mara ngapi, na ilisukwaje.

"Hii feni ya kukaushia," alisema siku moja, ameweka kiganja juu yake kama anayepima homa. "Hii nimeisuka mara nne. Ile ya kwanza niliiharibu."

"Uliiharibuje?"

"Nilikuwa bado sina oveni. Niliichoma kwa moto wa kuni ili waya ulegee. Moto ukazidi, chuma cha ndani kikababuka. Tangu hapo, kati ya yuniti mia zinazoingia, ishirini zinaondoka na joto bure. Nzima ingepoteza kumi na nne, na hizo mpya wanasema saba. Andika ishirini."

"Una hakika niandike hivyo? Itaonekana..."

"Andika ilivyo. Ukiandika uongo utavuna uongo mwishoni mwa mwezi, na bili haina aibu."

Nani mwingine angefanya hivyo, nambieni? Nani angeingia mahali anapokula akatoa makosa yake ya miaka ishirini, moja moja, na tarehe? Mafundi ninaowajua mimi wangesema mota ilikuja hivyo hivyo. Lakini Msusi alikuwa na ugonjwa huo, hawezi kukaa na kipimo kibovu. Na alikuwa na furaha pia, tusimwonee. Shemeji wake alikuwa injinia na alikuwa akimsikiliza. Usiku kitandani alimwambia mkewe, "Mdogo wako ana kichwa. Nikimwambia kitu mara moja, kimeingia."

Jumapili mchana wakakaa nyumbani kwa Msusi, meza ya kulia, kupiga hesabu yote. Mama Pacha akaleta chai na viazi, akakaa pembeni na nguo zake za kukunja. Wale pacha walikuwa nje wanapigana kama kawaida. Shemeji akawa anasoma, Msusi anajumlisha: mota inavuta hiki, inapoteza hiki, mpya ingepoteza hiki, mara saa inazofanya kazi kwa mwezi. Arobaini zote. Zile elfu kumi na moja za vibati zikayeyuka, zikabaki elfu tano na mia tisa.

"Karibu kabisa!" shemeji akasema. "Mia moja tu! Hiyo tunaizungusha."

"Ngoja," akasema Msusi. "Bado feni."

"Feni zimefanya nini?"

"Mota mpya zina wepesi. Ya zamani inazunguka elfu moja mia nne na arobaini kwa dakika, mpya inazunguka elfu moja mia nne na sabini. Unaona ni kidogo. Sasa mashine nyingine haijali, lakini feni si mtu mzuri. Ukiizungusha zaidi kwa mbili katika mia, yenyewe inakula zaidi kwa sita. Zenye mkanda tutabadilisha puli, lile gurudumu la mkanda, zirudi mwendo wao. Zile zilizofungwa moja kwa moja kwenye mota hazina dawa. Zitatunyang'anya mia saba."

Shemeji akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Lazima tuandike hilo?"

"Si ndivyo ilivyo?"

"Hakuna anayejua hilo, shemeji. Ni wewe peke yako."

"Na feni," akasema Msusi. "Feni nayo inajua."

Wakatoa mia saba. Zikabaki elfu tano na mia mbili. Kijana akaweka kichwa mikononi, na Msusi akamwonea huruma, huruma ileile ya usiku wa mitihani. Akaanza kumtafutia. Ule mpira wa upepo unaovuja kule kwenye mashine ya kukata, ukizibwa ni yuniti mia na hamsini. Ile pampu inayoachwa inazunguka wakati wa chakula cha mchana, ikizimwa ni nyingine mia na hamsini. Mstari wa arobaini na moja, mstari wa arobaini na mbili. Elfu tano na mia tano.

Zilikosekana mia tano. Walitafuta mpaka chai ikapoa, hawakuziona. Shemeji akakusanya karatasi zake na kuaga bila kumaliza viazi.

Jumatatu akaingia karakana, mpole, anatazama huku na huku.

"Shemeji, hivi oveni yako inakula kiasi gani?"

"Sijawahi kuipima."

"Ipime basi. Tunatafuta kila kinachokula."

Na Msusi, mwenzangu, akachangamka! Maana kwa miaka mitatu alikuwa akiomba pamba mpya ya joto. Mlango wa oveni ulikuwa umelegea, unavujisha. Ukisimama mbele yake suruali inakuunguza. Akaona sasa ombi lake limepata mlango wa kuingilia. Jumanne akaoka mota mbili, akakaa na mita yake na saa yake mwanzo hadi mwisho, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: oveni inavuta kilowati tisa, saa tatu kwa siku, siku ishirini kwa mwezi, jumla yuniti mia tano na arobaini. Chini yake akaongeza: ikifungwa pamba mpya na mlango ukirekebishwa, itaokoa mia moja na themanini. Akaipeleka karatasi mwenyewe ofisini kwa shemeji. Shemeji akaipokea, akaisoma, akasema, "Asante sana, fundi wangu." Walikuwa wawili tu humo ofisini. Msusi alisikia hilo "fundi wangu" likampita sikioni, akadhani ni uchovu.

Ijumaa wakaitwa mkutanoni. Meneja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alikaa mbele. Wasimamizi wa vitengo walikaa kandokando. Msusi alikuwa amenyoa, amevaa lile shati la Jumapili, akapewa kiti karibu na mlango. Shemeji akaonyesha jedwali lake ukutani, mistari mizuri, rangi mbili, na akaeleza vizuri, kusema kweli. Alieleza habari za vibati na cheti cha ndoa, watu wakacheka sana. Hakusema mzaha ni wa nani. Alieleza habari za feni, meneja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Msusi alikaa pale moyo umemjaa. Alijiambia kwamba na hilo ni sawa, kijana ni wake.

Chini kabisa palikuwa na jumla: elfu sita na arobaini.

Msusi akapiga hesabu kichwani. Haikwenda. Akasogeza macho juu kidogo, mstari wa arobaini na tatu. Oveni ya karakana: yuniti mia tano na arobaini.

Akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Hapo pamekosewa kidogo. Injinia amechukua namba ya juu badala ya namba ya chini. Mia tano na arobaini ndiyo inayokula oveni. Itakayookolewa ni mia na themanini, tukiweka pamba. Maana hata ikirekebishwa, lazima nayo ile kidogo."

Watu wakatazamana. Msusi akadhani hawajaelewa, akasimama kabisa ili aeleze vizuri.

"Yaani haiwezi kuokoa yote. Kuokoa yote ni mpaka uizime."

Msimamizi mmoja akaanza kuchezea kalamu yake. Mwingine, yule wa stoo, ambaye wamekunywa naye chai kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tano, akatazama dirishani. Meneja akamgeukia shemeji kwa uso wa mtu anayeuliza, kwani hujamwambia? Na shemeji alikuwa anasoma karatasi iliyoko mkononi mwake, karatasi tupu upande ule, niliambiwa na mtu aliyekuwa amekaa nyuma yake.

"Fundi," akasema meneja taratibu, "oveni inazimwa. Mota mpya zikiungua zitarudi kwa aliyetuuzia, ndivyo mkataba utakavyokuwa. Karakana ya kusuka inafungwa mwisho wa mwezi ujao. Nilidhani unajua. Vipimo ni vyako."

Hakukaa wala hakutoka. Alisimama pale amepigwa na bumbuazi, mkono bado uko nusu juu, jitu zima la futi sita, na kila mtu akitamani awe mahali pengine.

"Nahitaji jibu moja kutoka kwako," meneja akaendelea, na sauti yake haikuwa mbaya. "Mwenye kiwanda ataniuliza. Vipimo hivi ni vya kweli? Vyote?"

Hapa ndugu zangu mimi nilipohadithiwa nilipiga paja. Neno moja tu! Angesema "sina hakika", wangerudia kupima miezi mitatu. Angesema mita imechoka. Angesema pampu inavuta zaidi kidogo, feni inakula zaidi kidogo, na lile jumba la namba lingeanguka lote mbele ya mashati meupe. Alijua hivyo. Alitazama ule ukuta, mistari arobaini na mitatu, akaiona mikono yake humo ndani, ngazi, maji machafu, usiku wa zamu, makosa yake ya kuni.

"Ni vya kweli," akasema. "Vyote."

Akatoka.

Shemeji alimkimbilia ukumbini, viatu vinapiga sakafu.

"Shemeji! Shemeji, subiri. Nilikuwa nitakuambia leo jioni."

"Leo jioni."

"Nilikosa maneno. Zilikuwa zimekosekana mia tano tu, shemeji! Mia tano! Ningewaambia nini? Kwamba nimepewa kazi ya kwanza kubwa nikashindwa kwa mia tano?"

"Ukaona mia tano ni mimi."

"Si wewe, ni oveni..."

"Usiniletee habari za oveni!" Msusi akafoka, na watu wa kufungasha wakageuka, maana hawakuwahi kumsikia akifoka isipokuwa kwa ajili ya kikombe cha chai. "Ulikuja na elfu kumi na moja zako za uongo hapa. Kumi na moja! Ningekaa kimya tu, ungezipeleka hivyo hivyo, na mimi leo nina karakana yangu. Nani alikuambia kibati si kipimo? Nani alikutolea habari za feni? Nimekuokoa usiaibike, kila ulipokosea nimekuokoa, na kila nilipokuokoa nikawa najikata mwenyewe, na wewe umekaa hapo unanihesabia! Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, pima oveni shemeji, tunatafuta kila kinachokula. Ningejua unaitakia nini..."

"Usingepima," akasema shemeji kwa sauti ndogo.

"Ningepima! Ungeniambia ukweli ningekupimia, mjinga wewe. Ningelia, halafu ningekupimia. Ndicho kinachoniuma. Hukunijua hata kidogo, miaka saba kwangu."

Kijana akarudi nyuma hatua moja. Macho yalikuwa yamemlowa. Sijui kama ni aibu au ni hofu, na sitaki kumtetea. Msusi akamwacha amesimama, akaenda karakana, akazima swichi kubwa ukutani, akafunga mlango, akakabidhi ufunguo kwa mlinzi wa getini kabla ya saa ya kutoka. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aajiriwe.

Njiani alikuwa na hasira, lakini hasira yenye mahali pa kwenda. Alikuwa akienda nyumbani kumwambia mkewe. Alijua atakavyofanya: atapiga kofi kiganjani, ataruka juu, atasema niache nivae kanga yangu niende kwa huyo mtoto sasa hivi, na yeye Msusi ndiye atakayelazimika kumshika mkono na kumtuliza. Alikuwa anaihitaji ghadhabu hiyo. Mtu akishatendwa vile anataka japo mmoja aliye upande wake ashtuke.

Mama Pacha alikuwa uani anaanua nguo. Alimwona anaingia saa ile isiyo yake, na shati lile, akashusha mikono polepole, nguo bado ziko begani.

Msusi hakuwa amesema neno.

"Amekuambia vizuri lakini?" akauliza mkewe. "Hakukuaibisha mbele za watu?"

Msusi akasimama palepale kwenye mlango wa uani. Pacha mmoja alipita katikati yao mbio, mwingine akimfukuza, wakaingia ndani.

"Unajua," akasema.

"Baba Pacha..."

"Tangu lini?"

"Nilimwambia akuambie mwenyewe. Nilimsihi. Nilisema hilo si la kutoka kinywani mwangu."

"Nimekuuliza tangu lini."

Akaanza kukunja nguo iliyokuwa begani, akaikunja vibaya, akaifungua tena. "Jumapili ile. Nilipomsindikiza. Alilia pale njiani kama mtoto, akasema iko njia moja tu iliyobaki."

Jumapili. Msusi aliihesabu kwa vidole vilevile vya kuhesabia mizunguko ya waya. Jumapili, Jumatatu. Jumanne ndiyo aliyopima oveni. Jumanne asubuhi mke wake huyu alimfungia chakula na kumwekea shati safi, na alipomwambia kwa furaha kwamba leo anapima oveni, pengine pamba mpya itapatikana, alimwitikia, akamwambia haya, kapime vizuri.

"Ulinitazama natoka," akasema.

"Ni mdogo wangu, jamani! Ningefanyaje?" Sasa alikuwa akilia. "Yeye ndiyo kwanza anaanza. Angeshindwa hapo asingeinuka tena, wewe unamjua moyo wake. Wewe una mikono yako. Wewe popote utakapokwenda utasuka, huwezi kulala njaa. Tulisema wewe utaweza. Tulisema wewe ndiye mwenye nguvu."

"Tulisema."

Mkewe akajifuta macho kwa ile nguo.

"Mlikaa wawili," akasema Msusi, "mkanipima, mkaona wa kuzimwa ni mimi."

Alimsubiri akatae. Alisubiri muda mrefu, nguo zote zikaanuliwa, na mkewe hakukataa.